Nduwaro wa usiku nje ya Malindi: soma tresi kabla ya kulaumu mwezi

Mashua inarudi gatini Malindi jua likichomoza, barafu haijaguswa, na kila mtu ana sababu yake. Nahodha anasema mwezi ulikuwa mkali. Mgeni aliyekodi mashua anasema samaki hawapo. Baharia naye anakunja rodi, anakata tresi tatu alizozifunga jana alasiri, yaani vile vipande vinene vya mwisho wa mshipi vinavyoshika ndoana, na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya taka pamoja na ngisi waliobaki. Jibu la usiku mzima limo ndani ya ndoo ile, na ndilo linalotupwa la kwanza.

Nimevua nduwaro usiku kwa miaka mingi, zaidi nje ya Malindi na mara kadhaa nje ya Lamu, kwanza nikiwa baharia wa tezi, yaani nyuma ya mashua, baadaye nikishika usukani. Safari nyingi nilizorudi mtupu, sababu ilikuwa mikononi mwetu: fundo, kina, breki, mshono wa chambo. Nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii, niwapitishe dalili moja baada ya nyingine kama zinavyotokea melini, na kila dalili inatokana na nini.

Kwanza tuelewane jina. Pwani yetu neno nduwaro hubeba samaki wengi wenye mdomo mrefu, na yule ambaye mtaa mmoja humwita sulisuli, mtaa wa pili humwita nduwaro. Ninayemzungumzia hapa ni yule mwenye mdomo bapa kama upanga na macho makubwa kama finjani za kahawa, ambaye akishakua hana magamba wala meno, na mapezi ya tumboni hana kabisa. Wataalamu humwita Xiphias gladius. Si yule wa mchana mwenye tanga mgongoni.

Vifaa nitakavyovitaja ni hivi: rodi na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia, ya mshipi unaohimili paundi 80, tresi ya paundi 250 hadi 300 na urefu wa pima 3 hivi (pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa), ndoana namba 9/0 au 10/0, chubwi ya kuzamishia chambo ya nusu kilo hadi kilo moja na nusu, kijiti cha mwanga cha kuvunja, na puto la kuelea. Rodi tatu zinatosha. Nimeona mashua ikitega sita, na usiku ukaisha kwa kufumua mishipi.

Usiku mzima hakuna aliyegusa

Hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa, na ndiyo yenye sababu nyingi. Anza na mahali kabla hujagusa chambo.

Mchana nduwaro hukaa chini sana, mita 400, 500, 600. Mwaka 1967 chombo cha Marekani cha kuzamia, kiitwacho Alvin, kilichomwa na nduwaro kikiwa kina cha kama mita 600, na upanga ukanasa kwenye mwili wa chombo. Huko ndiko anakoshinda. Jua likitua hupanda akiwafuata ngisi na samaki wadogo, na usiku humpata ndani ya mita 100 za juu. Kwa hiyo chini yako lazima pawe na maji ya kutosha ya yeye kushinda mchana. Kusini, upande wa Watamu, ukingo wa kina uko karibu na pwani. Kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana, miamba na mchanga wa kina kifupi huenda mbali sana baharini, na mashua inaweza kukimbia muda mrefu, taa za mji zikapotea, na bado uko juu ya maji mafupi. Giza na umbali hudanganya. Tazama kipima kina. Mimi sitegi pungufu ya mita 400, na napenda niwe kwenye mteremko wenyewe, pale namba zinapobadilika haraka.

Sababu ya pili ni kwamba chambo hakiko kwenye kina unachodhani. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kuwa umetoa mshipi wa mita 60 ukaamini chambo kiko mita 60. Mshipi hausimami wima mkondo ukiwa na nguvu. Ukilala nusu kati ya wima na mlalo, mita 60 za mshipi zinakupa mita 42 za kina. Ukizidi kulala, ukawa theluthi moja tu juu ya mlalo, zinakupa mita 30. Chambo ulichokusudia kiwe cha katikati kimekuwa cha juu, na cha juu kinafuata mashua kama takataka. Dawa ni chubwi nzito zaidi, au kupunguza mwendo wa mashua kwa parashuti ya maji iliyofungwa omo, mbele ya mashua. Mashua ikichukuliwa kwa zaidi ya noti 2, yaani maili 2 za bahari kwa saa, mimi huitoa parashuti bila kungoja. Na mshipi upimwe kwa mikono, pima moja baada ya nyingine, kisha utiwe alama ya uzi wa nta kila mita 25. Usiku wa manane, mtu amechoka, alama ya uzi inahisiwa kwa kidole hata bila taa.

Mpango wangu wa kawaida usiku wa giza: mshipi wa mbali kabisa wenye puto, chambo mita 90, wa katikati wenye puto, mita 55, wa karibu usio na puto, unaoning'inia kutoka kwenye ncha ya rodi, mita 30. Mwezi mwandamo unapofika tarehe 12 na kuendelea hadi 17 au 18, wote nawashusha, wa mbali ukafika mita 140 au 150. Wanaosema mwezi mpevu hufukuza nduwaro wanachanganya mambo mawili. Mwanga ule humfanya akae chini zaidi, lakini haumwondoi. Usiku wangu mzuri mwingi ulikuwa wa mbalamwezi, kwa kuwa nilimfuata alikokuwa. Anayetega mita 30 tarehe 14 ya mwezi akarudi mtupu, asiulaumu mwezi.

Mkondo nao una mambo yake wakati wa kaskazi. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini, wa Somalia hushuka kusini, na miezi hiyo hukutana kati ya Malindi na Lamu na kugeukia mashariki. Unaweza kuanza kutega ukichukuliwa upande mmoja, na kabla ya usiku wa manane mashua inakwenda upande mwingine kabisa. Andika mahali ulipo kila nusu saa. Kama umetoka ukingoni, kunja, rudi, tega upya. Kazi inachosha, najua. Saa nne za kutega juu ya maji yasiyo na samaki zinachosha zaidi.

Taa iwe ya mwisho kukaguliwa. Kijiti cha mwanga kilichofunguliwa mfuko wake siku nyingi hupoteza nguvu hata kabla ya kuvunjwa, na kwenye mwanga wa melini hutaijua tofauti. Kivunje, kifunike kwa viganja, uchungulie. Kama hakikuangazii mistari ya kiganja, kitupe. Kifungwe pima moja hadi mbili juu ya chambo. Nimeona wakikifunga kwenye ndoana yenyewe, na hapo anayekuja hupiga taa badala ya ngisi.

Chambo kinarudi kimeguswa, ndoana safi

Usimtupe ngisi huyo. Mlaze melini, mwage maji, mwangalie kwa taa.

Akiwa na vishimo vidogo vidogo vilivyonyofolewa, hasa kwenye ncha ya mwili na macho, waliomla ni ngisi wenzake. Hiyo ni habari njema nusu: kuna chakula hapa, na anayekula ngisi huenda yuko chini yake. Badilisha chambo kila dakika 40 badala ya kila saa na nusu, na mmoja kati ya watatu mshushe mita 20 zaidi.

Akiwa amekatwa kipande kizima kwa umbo la mwezi mchanga, ni papa. Wakija wawili au watatu mfululizo, hama. Sijawahi kuona faida ya kungoja papa waondoke wakati bado unawalisha.

Akiwa amepasuka kwa urefu, amelegea, ngozi imechubuka kana kwamba kapigwa kwa ubavu wa panga, huyo ni nduwaro. Alimpiga kwanza, akageuka kuja kumla, na kuna kitu kikamkatalia. Hapo ujiulize kilichomkataa ni nini, na mara nyingi ni mshono.

Ngisi akishonwa vibaya, kipigo cha kwanza humshusha mwili wote hadi kwenye mpindo wa ndoana. Anayerudi kumeza anakuta bonge gumu lenye chuma, na hata akimeza, ncha ya ndoana imezikwa ndani ya nyama ya ngisi na haina pa kuchomea. Ninavyoshona mimi ni hivi. Chagua ngisi mzima wa urefu wa sentimita 25 hadi 35, mwenye ngozi, aliyeyeyushwa polepole kwenye maji ya bahari yenye barafu. Maji ya bomba humfanya mweupe na mlegevu. Pitisha tresi kwa sindano ndefu kutoka ncha ya mwili, ndani ya mfuko wake, itokee kichwani. Vuta hadi shina la ndoana liingie mwilini na mpindo utokeze kati ya macho, ncha ikiwa wazi kabisa. Sasa shona ncha ya mwili kwenye tresi kwa uzi wa nta, mizunguko minne au mitano inayopita kwenye nyama na kuizunguka tresi, ukaze. Huo ndio mshono unaomzuia asiteremke. Kisha shona kichwa kwenye mwili, sindano ikipita pande zote mbili, kwa kuwa kichwa cha ngisi hushikwa na nyama kidogo sana na ndicho kinachong'oka kwanza. Ukimaliza, mshike kwa mkia wa tresi umtikise kwa nguvu. Asipotikisika mahali pake, mshushe majini kando ya mashua utazame anavyokwenda. Akizunguka kama pia, mtoe ushone tena. Chambo kinachozunguka husokota tresi, na nduwaro mwenye macho yale hakiamini.

Ukikosa ngisi, tumia samaki aitwaye una, akiwa mzima, au kipande cha tumbo la samaki aitwaye sehewa kilichochongwa kirefu. Hukaa imara kuliko ngisi na ngisi wadogo hawakimalizi haraka. Lakini nikiwa na ngisi mzuri, simbadilishi.

Ncha ya rodi imegonga mara mbili, kisha mshipi ukalegea

Baharia mgeni husema, "Ameacha." Wakati huo huo nduwaro ana chambo mdomoni anapanda nacho.

Ukitazama puto utaliona jambo hilo vizuri zaidi. Puto lenye chubwi chini yake husimama wima. Likilala ubavu ghafla, uzito umeondoka: au chubwi imekatika, au samaki ameinua kila kitu anakuja juu. Fikiri la pili kwanza. Kunja mshipi kwa kasi yote uliyonayo, bila kuinua rodi, hadi uhisi uzito. Nimekunja zaidi ya mita 60 za mshipi mtupu, nahodha akinifokea kwamba najichosha bure, na mwisho wake alikuwa hapo.

Kukiwa na mguso na mshipi haulegei wala hauvutwi, usiguse kitu kwa muda wa kuhesabu hadi 20 au 30. Amepiga, anageuka. Asiporudi, inua chambo pima 5 taratibu, kama ngisi aliyejeruhiwa anayejaribu kupanda, kisha kiachie kizame. Mara nyingi humeza wakati kinazama.

Ameshikwa, amepiganwa dakika 10, ndoana ikachomoka

Mdomo wa nduwaro ni laini kuliko mtu anavyodhani akiutazama ule upanga. Ndoana hupanua tundu, na mshipi ukilegea kidogo tu, inaanguka yenyewe. Dawa haiwi kukaza breki ya rili zaidi, japo ndiyo ambayo mkono hukimbilia.

Pima breki kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kutoka gatini, mshipi ukipita kwenye rodi kama utakavyofanya kazi. Kwa mshipi wa paundi 80 naanza na kilo 5 hadi 6, na siipandishi kufika 9 au 10 mpaka amechoka na yuko chini ya mashua. Kumbuka pia rili inavyopungua: kigurudumu pamoja na mshipi uliobaki juu yake kikiwa na nusu ya upana wa mwanzo, breki ile ile inavuta maradufu. Samaki aliyekimbia mita 400 anavutwa na breki ambayo hukuiweka, pamoja na uzito wa maji juu ya mshipi wote ule. Ndoana ikichomoka mwishoni mwa mbio ndefu, sababu ni hii karibu kila mara. Legeza anapokimbia, kaza anaporudi.

Ndoana yenyewe iangalie. Ikirudi imenyooka, breki ilizidi au chuma ni chembamba. Ikirudi na umbo lake na ncha haichomi ukucha, ilikuwa butu tangu jana. Ikirudi na kipande cha ngozi nyembamba, alishikwa juu juu, pengine ubavuni au kwenye taya la nje, kwa kuwa alipiga chambo na upanga ukaikuta ndoana kabla ya mdomo.

Kuhusu ndoana ya duara, nitasema ninavyoona. Kwa samaki utakayemwachia, ni bora, hushika pembeni mwa mdomo na huumiza kidogo. Kwa ngisi aliyeshonwa natumia ile ya kawaida. Na wadogo tuwaachie. Nduwaro wakubwa sana karibu wote ni majike, na rekodi ya dunia ya rodi, kilo 536, iliyovuliwa Iquique nchini Chile mwaka 1953, inaonyesha kiumbe huyu anafika wapi akipewa miaka. Kumpandisha melini wa kilo 15 ili apigwe picha ni kuharibu.

Tresi imekatika

Hapa ndipo mzee mmoja wa Shela aliponifundisha kazi. Ilikuwa saa 7 usiku, nimempoteza samaki niliyemsikia akiruka gizani, kishindo kama cha mtu aliyetoswa. Nilivuta tresi iliyobaki, nikaikunja niitupe. Akanyosha mkono. "Njoo hapa, mwanangu. Usitupe." Akaipitisha kati ya ukucha na kidole gumba, polepole, pima nzima, macho akiwa ameyafumba. Kisha akanionyesha mahali kidole kiliposimama. Kosa lilikuwa langu: slivu, kile kibomba kidogo cha chuma kinachobanwa kushikiza tresi, nilikuwa nimeibana vibaya mwenyewe kwa koleo saa kumi jioni. Hakunigombeza. Alinitaka nifunge nyingine mbele yake, na tangu siku ile hakuna tresi inayoondoka mashuani kwangu bila kusomwa.

Ncha iliyokatika wazi kama kwa wembe ni jino la papa. Pitisha ukucha juu yake utakuta na mikwaruzo mingine miwili au mitatu, kwani papa hakati kwa jino moja. Hakuna kosa lako hapo isipokuwa kuendelea kukaa.

Ncha yenye manyoya, na juu yake tresi imekuwa nyeupe na kukwaruza kwa urefu wa shubiri au mkono mzima, ni upanga. Samaki amekuwa akiisugua kila anapogeuza kichwa. Ukiikuta hali hiyo wakati tresi bado nzima, baada ya samaki kuingia melini, ikate hata kama inaonekana itafaa tena. Haitafaa. Likitokea mara kwa mara, panda paundi 300 au 400 na ukubali kuguswa mara chache zaidi.

Ncha iliyojikunja kama mkia wa kinyonga ni fundo lililoteleza. Halikukazwa, au lilikazwa kavu bila kulowanishwa mate.

Ncha iliyonyooka, yenye alama ya kubanwa lakini haina mkato, na slivu haipo au imebaki tupu, imetoka ndani ya slivu. Slivu ilikuwa kubwa kuliko unene wa tresi, au ilibanwa kwa koleo la kawaida. Tumia koleo lake maalumu, na kabla ya kubana choma ncha ya tresi kwa kiberiti iwe na kichwa kidogo cha kuizuia isirudi.

Ncha iliyokatika pale pale ukingoni mwa slivu, ikiwa bapa, ni kinyume chake: ilibanwa mno hadi ukingo. Hili ndilo lililokuwa langu. Bana katikati tu, uache pande zote mbili za slivu zikiwa zimefunguka kidogo kama mdomo wa tarumbeta, tresi isigusane na makali.

Na kama tresi yote imekwenda, umekatika mshipi mkuu, basi chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya kila pete ya rodi. Pete yenye ufa hunasa nyuzi za pamba. Nimekuta pete ya aina hiyo kwenye rodi iliyokuwa imewapoteza samaki wawili wiki moja, na kila mmoja aliyetumia alikuwa ameulaumu mshipi.

Chubwi isiwe sababu ya kukatika. Ifunge pima 6 hadi 10 juu ya ndoana kwa mpira mwembamba wa kufungia pesa au uzi dhaifu, ili samaki akikimbia ikatike yenyewe, au mshika tresi aivute kwa mkono mmoja inapofika. Chubwi iliyofungwa imara hupiga mshipi kama nyundo kila samaki anapotikisa kichwa.

Mishipi imesukana

Karibu kila mara umetega upande usiofaa. Mashua husukumwa na upepo kuliko puto linavyosukumwa, kwa hiyo maputo yawe joshini, upande unakotoka upepo, mashua ikiyaacha nyuma. Ukiyaweka demani, upande unakokwenda upepo, mashua inayapanda, na mishipi inapita chini ya mkuku hadi kwenye rafadha inayosukuma mashua. Sababu nyingine ni mshipi wa karibu kuwa na kina kirefu kuliko wa mbali. Wa mbali uwe wa chini kabisa, ukija karibu unapanda. Mmoja akishika samaki, mishipi miwili mingine ikunjwe mara moja, usingoje uone kama samaki ni mkubwa.

Uzito unakuja, lakini haupigani

Ukivuta, anakuja, ukiacha, anazama. Hakuna mbio, hakuna kutikisa. Huenda ameshikwa ubavuni au mkiani, au tresi imemzunguka. Usimvute wima. Nahodha aisogeze mashua taratibu mbele mita 50 au 100, mshipi upate pembe, samaki ageuke kichwa. Akitikisa kichwa kwa mpigo ule ule, kwa ukaidi, na hapandi kabisa, tayarisha kisu, kwani huyo ni papa. Nduwaro hana mpigo. Atakimbia, atasimama, atapanda ghafla, na mara nyingine utamsikia akiruka kabla hujamwona.

Amefika ubavuni, ndipo anapotea

Samaki wengi hupotea ndani ya pima 3 za mwisho, na hapa pia ndipo mtu anapoumia. Zima taa kubwa ya melini ile inayompiga machoni. Bakiza ndogo nyekundu kichwani na ile ya chini ya maji. Mshika tresi avae glavu nzito na asijifunge tresi mkononi kwa mzunguko ambao hawezi kuuachia. Asimame mbali na upanga, kwa kuwa nduwaro hupiga pembeni, na huweza kupiga akionekana kama amekwisha. Viopoo viwili, zile ndoana kubwa zenye mpini, viwe tayari, cha kwanza kipigwe nyuma ya kichwa juu ya bega, kisipigwe tumboni ambako nyama huraruka. Anayeshika kiopoo angoje aambiwe. Wapiga viopoo wenye haraka wamekata tresi nyingi kuliko papa.

Rodi isishushwe mpaka samaki yuko ndani, na nahodha asitoe macho baharini kuangalia samaki. Meli za mizigo hupita huko nje, na mashua iliyozima taa zake haionekani. Taa za njia ziwake usiku kucha na redio ibaki chaneli 16.

Akishaingia, mwage damu, mtoe matumbo, na umjaze barafu tumboni kabla ya kumfunika nje. Kwenye joto letu nyama iliyongoja hadi asubuhi huwa imelegea mkononi mwa mnunuzi.

Tresi zilizotumika zining'inizwe kwenye kamba moja nyuma ya kibanda, kila moja na kipande cha tepu kilichoandikwa saa na kina, mpaka mchana mtakapozitazama mkiwa mmelala kidogo. Na saa 11 alfajiri, nduwaro anapoanza kushuka, usiikunje mishipi yote. Ule wa mita 30 uachie hadi jua litoke, na ngisi mpya juu yake. Jodari hupita saa hiyo.